Eti Tunalipwa Kwenda Pikiniki

Juzi kazini, chumba cha chai pale depo ya mabasi, jamaa mmoja kanisikia namuomba bosi wikendi manake kikosi changu cha jeshi kinaenda Wales kupanda mlima, mafunzo ya ujasiri hayo, akacheka mpaka chai ikataka kumtokea puani. "Kodi yangu hiyo," asema, "mnalipwa kwenda pikiniki." Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na dakika nne tu kabla ya shifti. Sasa niko nyumbani, nina muda na nina bando.

Mimi mtu wa Likoni. Kitu kirefu nilichopanda utotoni ni mnazi wa jirani, tena usiku. Nimeingia jeshi la akiba hapa Uingereza, hili wazee bado wanaliita TA, yaani Territorial Army, ingawa jina lilibadilishwa 2014, na nisiwadanganye, kilichonivuta mwanzo ni ile bonasi ya mwaka isiyokatwa kodi. Ili uipate, kikosi kama chetu unatakiwa siku 27 kwa mwaka, kambi ya wiki mbili ikiwa ndani yake. Siku 27! Askari wa kudumu anazimaliza hizo kabla Februari haijapata joto.

Haya, kwa siku hizo mfunze dereva wa basi, fundi bomba na binti wa mapokezi kwa daktari wa meno wawe askari. Kulenga shabaha utawafunza, na redio, na huduma ya kwanza, na yale masomo ya kwenye kompyuta ya namna ya kuinua boksi bila kuumiza mgongo, ambayo bila hayo nchi ingeshavamiwa zamani. Lakini woga je? Tukifanya zoezi la kushambulia msituni risasi ni baridi, adui ni yule yule jamaa wa stoo kavaa kofia nyingine, na kila mtu anajua chakula ni saa ngapi. Mimi wikendi moja nilikufa mara tatu na mara zote nilikuwa nawaza soseji.

Crib Goch, mlima wa huko Wales, hakuna mambo ya kuigiza. Ni mita 923 tu, nyie wa Moshi chekeni, lakini pale juu njia yenyewe ni ncha ya mawe, pengine upana wa meza, pengine hata ubao wa kupigia pasi una nafasi zaidi, kushoto hewa kulia hewa, na upepo unakusukuma kama makanga anayetaka ushuke hapo hapo kwenye taa. Sajini wetu, mtu ambaye Jumanne kwenye drili sauti yake inatikisa madirisha, alikaa chini akakumbatia jiwe kwa mikono miwili na hakusonga. Uso umekuwa kama unga. Aliyemtoa pale ni huyo huyo binti wa mapokezi, hana hata mwaka jeshini, akiongea lazima umuombe arudie. Alirudi nyuma, akapiga magoti karibu naye, akaanza kumhesabia mguu mmoja mmoja. Huo wa kushoto. Weka pale penye mstari mweupe wa jiwe. Usiniangalie mimi, angalia mstari. Mwalimu alikuwa hatua mbili nyuma na kamba mkononi, akatuachia wenyewe. Kipande ambacho ungekivuka huku unaongea na simu kilitumaliza karibu nusu saa, na tulipotoka sajini hakusema neno, alikata chokoleti yake katikati akampa. Tangu siku ile ramani inashikwa na yule binti na hakuna aliyetoa tangazo.

Wenzetu wa kudumu wanaishi pamoja, wanajuana nani anakoroma na nani akibanwa anapasuka. Sisi tunaonana masaa mawili Jumanne halafu kila mtu mbio kuwahi treni. Tutajuana lini?

Sawa, nikubali, kuna safari za ski kule Alps ambazo hata mimi nikiona picha nashuku, jibini saba theluji moja. Ila hata hizo watu huchangia kutoka mfukoni.

Halafu wapo wanaosema basi muwakaze zaidi ndio iwe jeshi. Julai 2013 kule Brecon Beacons, milima ya kusini mwa Wales, askari wa akiba watatu walikufa kwa joto baada ya matembezi ya mchujo wa SAS, kile kikosi maalumu cha jeshi. Watatu, watu wenye kazi zao na wake zao na wazazi wao. Ule ulikuwa mchujo, saa inakukimbiza, na nani atataka kuwa wa kwanza kusema nimeshindwa? Sisi kwenye AT, ndiyo haya mafunzo ya ujasiri, mwalimu akisema tugeuze tunageuza. Mwezi wa pili ukungu ulitufukuza mara mbili, tukarudi Capel Curig, kijiji cha chini ya milima, tukacheza karata, na hakuna aliyeandikwa jina.

Anayenishinda ni mama tu. Nimempigia nimsimulie, akauliza, "Kwa hivyo wamekulipa upande mlima, halafu ushuke. Na hukubeba mzigo wa mtu?" Begi langu tu, mama. "Huko Nanyuki vijana wanapanda Mlima Kenya mpaka kilele cha Lenana na mizigo ya hao hao Waingereza." Mita 4,985 hizo, na sijasikia mtu akiita ile kazi mafunzo ya ujasiri. Nikamwambia mtandao unakatika.

Bosi bado hajanijibu. Yule jamaa wa chai naye leo kanivuta pembeni, eti hivyo viatu vya mlimani tunapewa bure? Tunapewa. Saizi yangu ndio haikuwepo.