Maghala ya mabomu na majirani zake

Likizuka suala la maghala ya silaha Dar es Salaam, hoja ya kwanza huwa ile ile: kambi ilitangulia, watu wakaifuata. Ina ukweli. Mbagala na Gongo la Mboto, penye kambi za jeshi zenye maghala hayo, zilikuwa pembezoni mwa jiji. Viwanja vikauzwa, nyumba zikasogea hadi kwenye uzio. Jeshi haliwezi kuhama kila jiji linapotanuka, na kuhamisha shehena ya mabomu kwa barabara nako kuna hatari yake.

Hata hivyo, hoja hiyo haituambii kwa nini mabomu yalilipuka. Mbagala yalilipuka Aprili 29, 2009, Gongo la Mboto Februari 16, 2011, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Usiku ule wa Gongo la Mboto mabomu yaliruka hadi kwenye makazi, safari za ndege zikasitishwa, maelfu wakakimbilia Uwanja wa Uhuru, watoto wakapotezana na wazazi wao.

Baruti huzeeka. Huchanganywa na kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, haraka zaidi penye joto. Ikiisha, baruti yaweza kupata moto yenyewe hadi ikawaka bila kuguswa na mtu. Kwa joto la pwani yetu, ghala linataka hewa ya kutosha, sampuli zipimwe maabara, viwashio vikae mbali na mabomu, na shehena iliyochakaa iteketezwe mapema. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhusu aliyejenga jirani na uzio.

Wanaotetea usiri wanasema adui asijue tulicho nacho. Nakubali: idadi na aina za silaha zibaki siri. Ila kukagua si kutangaza. Vyanzo vya mionzi vya hospitalini na viwandani husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, chombo kilicho nje ya taasisi inayovitumia. Mabomu nayo yanastahili jicho la nje: wataalamu walioapishwa kutunza siri, wenye mamlaka ya kuagiza shehena mbovu iondolewe. Hilo kwangu lina uzito kuliko kubomoa nyumba.

Umbali nao ulindwe: halmashauri isipime viwanja ndani ya eneo la hatari, na aliyekwisha kujenga kwa kibali alipwe fidia kabla ya kuhamishwa. Kwa wanaobaki, serikali ya mtaa iwaonyeshe sasa njia ya kukimbilia na mahali familia zitakapokutana.