Mtoto Hasemi: Tumwondolee Kiswahili?

Mtoto ana miaka 3 na hajaunganisha maneno mawili. Basi aongeleshwe Kiingereza pekee. Ushauri huu ungali unatolewa Nairobi, na mimi nimeusikia kwa masikio yangu nilipomsindikiza dada yangu na mwanawe kliniki. Tuliambiwa lugha zimekuwa nyingi mno. Kiswahili kiwekwe kando, Kikamba cha nyanya kiwekwe kando, vitarudi baadaye.

Simbezi anayeshauri hivyo. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha nchini ni wachache, na vipimo na kadi za picha wanazotumia nyingi ni za Kiingereza. Kikao ambacho mzazi amekilipia kwa kujinyima kitafanyika kwa lugha ambayo mtaalamu ana vifaa vyake. Shule nyingi za binafsi nazo humhoji mtoto kwa Kiingereza kabla ya kumpokea. Mzazi akipiga hesabu hizo, lugha moja inaonekana kama njia ya kuokoa muda.

Hata hivyo, utafiti unaubomoa msingi wa hoja hiyo. Mwaka 2003, Johanne Paradis na wenzake waliwachunguza watoto wa miaka 7 nchini Kanada waliokuwa na tatizo la lugha na waliokulia katika Kifaransa na Kiingereza. Makosa yao ya sarufi hayakuzidi ya watoto wenye tatizo hilohilo waliojua lugha moja tu. Tatizo hilo la ukuaji wa lugha, yaani mtoto kutatizika kujifunza lugha bila sababu nyingine iliyo wazi, ambalo tafiti za Marekani na Uingereza zimelikuta kwa takriban 7% ya watoto wanaoanza shule, haliletwi na wingi wa lugha. Mtoto aliye nalo hulibeba katika kila lugha anayoisema, kwa hiyo kumpokonya mojawapo hakupunguzi chochote.

Mtu atasema Kanada si Embakasi, hapa Nairobi, na ana haki. Mtoto wa hapa husikia Kiswahili cha mama, Sheng ya watoto wa ploti, Kiingereza cha katuni, na Kikamba Disemba wakienda ushago. Kwangu, mchanganyiko huo hauokoi ushauri wa lugha moja. Unachofanya ni kuvitia shaka vipimo vyenyewe. Kudondosha viishio vya vitenzi vya Kiingereza, vile vya wakati uliopita, ni dalili ya tatizo la lugha kwa mtoto wa London. Kwa mtoto wa Kayole ambaye Kiswahili chake huweka wakati mbele ya kitenzi, huenda ni dalili tu kwamba Kiingereza bado ni kigeni kwake.

Na usidhani kutafsiri kipimo kwa Kiswahili sanifu kutatosha. Mtoto akisema "viatu zangu," kipimo kitaandika kosa, ilhali mama yake aliyekaa kando anasema vivyo hivyo. Kamil Ud Deen, aliyefuatilia watoto wanne wa Nairobi wakijifunza Kiswahili, alikuta hata watu wazima wakati mwingine hudondosha kiambishi cha nafsi: "tarudi" badala ya "nitarudi." Huko Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama za kuwauliza wazazi, hata wasiojua kusoma, mtoto anajua nini. Kazi nzuri, ila Kiswahili cha pwani si cha Eastlands.

Sisi tunaotetea lugha nyingi tuna kosa letu pia, tena baya. "Atasema tu, anachanganya lugha." Maneno hayo yamewachelewesha watoto wengi hadi darasa la pili. Kuchanganya lugha ni jambo la kawaida. Kukosa maneno katika lugha zote si kawaida. Mtoto wa miaka 2 asiyefikisha maneno 50, ukijumlisha ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya Kikamba pamoja, na asiyeunganisha mawili, anastahili kuangaliwa, kwanza masikio kabla ya ulimi. Wanaokimbilia kukata kimeo wangeanza hapo.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni saa za siku. Dada yangu hupanda matatu alfajiri na kurudi usiku. Mchana kutwa mtoto yuko na yaya, na yaya anamsimulia kila kitu kwa Kiswahili: mchicha unavyochambuliwa, paka wa jirani, mvua inayokuja. Ushauri ule ulipofuatwa, yaya alibaki na amri tano za Kiingereza, njoo, keti, kula, acha, lala. Nyanya akipiga simu, mtoto hapewi. Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa kimya kuliko kabla ya kliniki.

Mtaalamu na aendeshe kikao chake kwa Kiingereza ikiwa ndiyo lugha anayoiweza. Mimi ningemwomba kitu kimoja: yaya aingie chumbani, aone mchezo unavyochezwa, kisha aambiwe aurudie nyumbani kwa Kiswahili chake mwenyewe, wakati wa kuoga na wakati wa uji. Dada yangu alipouliza kama inaruhusiwa, mtaalamu alifikiri kidogo, akasema hakuna mzazi aliyewahi kumleta yaya.