Joto la Mtwara na Mlango wa Seva

Katika ofisi nyingi za hapa Mtwara, iwe ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho au ya shule, seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, huwekwa stoo pamoja na maboksi ya karatasi na ndoo ya kupigia deki, na mlango huzuiwa kwa tofali ili upepo upite. Wahusika watakuambia kwamba nywila zao ni ndefu na programu ya kuzuia virusi imelipiwa. Sibishani nao, ila mtu aliyeifikia mashine yenyewe anaweza kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta na kuyasoma mafaili bila kuulizwa nywila yoyote, au akachomoa diski na kuondoka nayo.

Mlango huo hauachwi wazi kwa uzembe mtupu. Kiyoyozi kikifa mwezi wa Desemba, seva hupata joto hadi ikajizima yenyewe, kwa hiyo agizo la kufunga mlango lisiloambatana na fedha za kiyoyozi halitadumu. Kwa maoni yangu, fundi wa kuchomelea anatosha kuianza kazi hiyo: atengeneze geti la nondo lenye kufuli imara, upepo upite na mtu asipite, kisha kabati la chuma la seva lifungwe kwa bolti sakafuni.

Wapo wanaokimbilia kufuli za alama za vidole. Waulize kwanza muuzaji iwapo ni za sumaku, kwa maana kufuli ya sumaku hushikiliwa na umeme, na umeme ukikatika hadi betri ya akiba ikaisha, mlango huachia wenyewe. Mimi ningechagua funguo mbili, watu wawili wanaojulikana na daftari la kusaini (fundi wa kiyoyozi naye asaini).

Diski nazo zisimbwe kwa nywila, yaani mafaili yageuzwe yasisomeke bila nywila hiyo. Ni kweli kwamba mtu atalazimika kuiingiza kila seva inapowaka, jambo linalochosha siku za mgao wa umeme, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na akaunti ya benki ya mkulima ni mojawapo. Nakala rudufu zilizomo kwenye droo ya mhasibu, ambayo aghalabu haina hata ufunguo, zihamishiwe kwenye sefu ya jengo jingine.