Kubisha Kuelekea Kibla

Wiki tatu zilizopita niliswali Alasiri peke yangu nyuma ya msikiti. Swala ya jamaa ilikuwa imekwisha. Mteja alinishika dukani akipigania bei ya kofia ya mkono, nikasikia adhana, nikasikia ikama, na bado nikasema moyoni, dakika moja tu. Nilipokaa kusoma attahiyatu nikatambua kwamba sijui nimeswali rakaa tatu au nne. Nikatafuta sura niliyosoma katika rakaa ya kwanza, sikuiona. Nilichokiona vizuri ni hesabu: kofia ilinigharimu kiasi gani, yule bwana alitoa kiasi gani, na kwamba ningevumilia kidogo angeongeza.

Nikafanya kama tulivyofundishwa chuoni, yaani madrasa. Nikashika tatu, ambazo nilikuwa na yakini nazo, nikaongeza moja, nikasujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Kisheria swala ilitimia. Lakini nilirudi Usita wa Mui, njia kuu ya maduka hapa Lamu, na uzito kifuani, kwa kuwa nilijua haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kukamatwa.

Wageni wanaokuja Lamu hutuonea wivu. Wanaona vichochoro ambamo gari haliwezi kupita, wanaona punda na majahazi, wanahesabu misikiti zaidi ya 20 katika mji mdogo kama huu, wanasema: nyinyi mna bahati, hapa mtu anaweza kumkumbuka Mungu. Mji huu wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo utulivu wetu umekuwa kama bidhaa nyingine tunayouza. Mimi nimezaliwa hapa, na nasema wazi: utulivu wa mji si utulivu wa moyo. Mtu anaweza kuishi hatua kumi kutoka mlango wa msikiti na moyo wake uko Mombasa kwenye mzigo uliochelewa.

Ushahidi wangu ni mwaka 2020, wa korona. Watalii walikatika. Duka likafungwa. Misikiti nayo ikafungwa, na Ramadhani ile tukaswali tarawehe majumbani, mimi mbele, mke wangu na watoto nyuma. Hapakuwa na mteja wa kunishika. Nilidhani sasa nitaswali swala niliyokuwa nikiitamani miaka yote. Wallahi sikuiswali. Moyo ulitembea kuliko siku za soko: kodi ya duka, dawa za mama, deni la ndugu yangu, habari za wagonjwa. Nilikuwa nikilaumu kelele za usitani, na kumbe usitani nilikuwa nao ndani.

Ndiyo maana siafikiani na mawaidha yanayotuambia tatizo ni simu, tuzime simu mambo yatanyooka. Simu ni fitina kubwa, sibishi. Lakini Waislamu wa Madina hawakuwa na simu. Siku moja ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) amesimama anahutubu, msafara wa biashara ukaingia mjini. Watu wakatoka kuukimbilia, wakamwacha amesimama, na inapokewa kwamba waliobaki naye walikuwa 12 tu. Aya ya mwisho ya Suratul Jumua inalitaja tukio hilo. Nimekuwa nikiisikia tangu utotoni, na kila mara nilijiweka miongoni mwa wale 12. Siku ile ya kofia nilijua niko kundi gani.

Kuna hadithi nyingine ninayoipenda zaidi, ya Bi Aisha (r.a.). Mtume aliswali akiwa amevaa shuka yenye nakshi, jicho lake likaziangalia mara moja. Alipomaliza akaamuru shuka ile ipelekwe kwa Abu Jahm, sahaba aliyeileta, na aletewe shuka yake Abu Jahm isiyo na mapambo, kwa kuwa ile ya nakshi ilimshughulisha katika swala yake. Hakusema nakshi ni haramu. Hakumsema vibaya mtu aliyeileta. Aliiondoa tu mbele yake, na akaomba nyingine kwa mtu yule yule asije akavunjika moyo. Nikiisoma hadithi hii nahisi nimeshikwa mkono: kama yeye aliona haja ya kuondoa kitu mbele ya macho yake, mimi wa dukani nani hata nijitegemee?

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha. Alipakia boriti na chokaa, na mimi shule zikifungwa nilikuwa naye chomboni. Safari niliyoichukia ilikuwa ya kwenda Kiunga, juu kaskazini karibu na mpaka wa Somalia, wakati wa upepo wa kaskazi. Upepo unatoka kule kule mnakotaka kwenda, kwa hiyo chombo hakiwezi kuelekezwa moja kwa moja. Ni kubisha: mnakwenda upande huu mpaka mnaliona karibu fungu, tanga linageuzwa, mnakwenda upande ule, linageuzwa tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani tumepotea. Nilimwuliza baba, mbona omo, mbele ya chombo, haiangalii Kiunga? Akanijibu, "Mwanangu, mimi naiangalia." Hakuongeza neno, akarudi kwenye usukani wake.

Sasa fikiri kuhusu mahali tulipo. Makka iko karibu kaskazini kamili kwetu, inaelekea kidogo sana magharibi. Hata neno lenyewe, mzee wa hapa akikwambia nyumba iko upande wa kibla, anaweza kuwa anamaanisha kaskazini tu. Kwa hiyo miezi ile ya kaskazi, anayesimama kuswali Lamu anaelekeza uso wake kule kule kunakotoka upepo. Nimeliwaza hili mara nyingi tangu Alasiri ile. Nilikuwa nikiamini kwamba mwenye imani ya kweli husimama, moyo ukanyooka, ukafika. Kila nilipoona wangu umepotoka nilijihesabu mnafiki, na aliyejihesabu mnafiki huchoka upesi. Baba hakujihesabu amepotea kila alipogeuza tanga. Kugeuza ndiko kulikokuwa safari yenyewe.

Na nadhani Mwenyezi Mungu alitwambia hivyo tangu mwanzo, ila sisi tulihifadhi maneno kabla ya kuyaelewa. Swala za faradhi kwa siku ni rakaa 17. Katika kila rakaa tunasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, na ndani yake tunaomba tuongozwe njia iliyonyooka. Mara 17, kwa uchache, mtu ambaye tayari amesimama mswalani na uso wake umeelekea kibla anaomba aoneshwe njia. Ingekuwa njia ukishaipata haikuponyoki, tungeomba mara moja siku ya kubaleghe, yakaisha. Wale wanaosema fulani ameokoka na dunia, moyo wake umetulia, hautikisiki tena, mimi siwaelewi. Mtume mwenyewe alikithirisha dua ya kumwomba Mwenye kugeuza nyoyo authibitishe moyo wake katika dini.

Haya hayana maana kwamba tukae tu, tuseme moyo ndivyo ulivyo. Chombo kisichogeuzwa kwa wakati hupanda mwamba. Nimewahi kujaribu makubwa: kuumaliza msahafu kila mwezi, kisimamo cha usiku kila siku. Nilikwenda wiki mbili, nikaanguka, nikakaa miezi bila hata ukurasa mmoja. Sasa nimeshika lile la kwamba amali zinazopendwa zaidi na Allah ni zile za kudumu hata zikiwa chache. Ukurasa mmoja baada ya Alfajiri, kabla sijaigusa simu. Adhana ikilia, mteja namwomba radhi, nafunga mlango, simu inabaki kwenye droo ya pesa. Wengine hukasirika na kwenda duka la pili. Wengine, na hili sikulitarajia, husubiri barazani mpaka nirudi.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kurudi chuoni nikiwa na mvi. Kuna maalim anayetufundisha watu wazima wachache maana ya yale tunayoyasoma katika swala, neno kwa neno, baada ya Isha. Nilikuwa nikiyatamka kwa miaka zaidi ya 40. Moyo utakaaje mahali ambapo hauelewi kinachosemwa? Nawasihi wenzangu walimu wa vyuo vyetu: hifadhi kwa watoto ni nzuri, lakini wapeni na maana ya Alhamdu mapema, wasingoje kuwa wazee kama mimi.

Nina neno pia juu ya Maulidi, na najua litawakera baadhi. Nayapenda. Matari ya msikiti wa Riyadha yananitoa machozi, na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuasisi, aliwafungulia mlango wa elimu watu ambao mji ulikuwa ukiwadharau. Lakini siku zile mji ukijaa, na mashindano ya punda na ya mashua, na kila mmoja wetu akihesabu mauzo, nimeona Alasiri safu zikiwa fupi kuliko umati wa ukingoni. Na mimi nimekuwamo katika umati huo. Tunamsherehekea Mtume na tunamwacha amesimama.

Jana, Adhuhuri, simu ya mtu mmoja safu ya mbele ilianza kulia, wimbo wa harusi, kwa sauti yote. Zamani ningemkasirikia mpaka salamu. Jana ilinishtua tu, nikajikuta niko kwenye iyyaka na'abudu, na kabla ya hapo sikumbuki nilikuwa wapi. Nadhani kwenye bei ya uzi. Nikaisoma tena aya ile polepole, Wewe tu tunakuabudu, na Wewe tu tunakuomba msaada. Simu ikanyamaza. Nikaendelea kutoka hapo.