Nilimpeleka shemeji kwenye kanisa la mizuka, nikarudi na kiatu kimoja

Basi bana, shemeji yangu, kaka yake wife, alikuja kututembelea hapa Leeds mwezi wa kumi mwaka juzi, na si unajua mgeni akitoka Bongo lazima umtembeze, asije akarudi akasema alikaa ndani anaangalia TV na kula wali. London hela ilikuwa hamna. Nikasema huyu nampeleka sehemu ya bure, halafu yenye historia, aone shemeji yake ni msomi.

Sehemu yenyewe inaitwa Wharram Percy, iko kwenye vilima vya Yorkshire Wolds, ukishatoka Malton hufiki mbali. Ni kijiji kilichokufa. Nyumba hamna hata moja ya zama zile iliyosimama, unaona matuta tu kwenye majani pale misingi ilipokuwa, na chini bondeni kuna bwawa na kanisa la Mtakatifu Martin halina paa. Gari unaliacha huko juu, unateremka kwa mguu kilomita moja na ushee. Wife aliniambia vaa mabuti, mvua imenyesha wiki nzima. Mimi nikavaa raba nyeupe, mpya, kwa sababu ya picha. Wanaume hatusikiagi.

Shemeji kakulia Singida, kachunga ng'ombe mpaka anamaliza la saba, mtu mpole, akiongea maneno kumi kwa siku ujue kafurahi sana. Mimi ndo muongeaji, na usiku wa jana yake nilikuwa nimesoma kila kitu kwenye simu, kwa hiyo njia nzima ni mimi tu. Nikamwambia shem, hapa watu walikuwa wamejaa, halafu baadaye mwenye ardhi akaona kondoo wanalipa kuliko wapangaji, maana sufu ilikuwa na soko, kufikia mwaka 1500 hivi familia za mwisho zikatolewa nyumba zikavunjwa, wakabaki kondoo. Shemeji akasimama akaangalia lile bonde.

"Kwa hiyo mifugo ndo ilishinda kesi?"

"Eeh."

"Kwetu bado hawajamaliza," akasema, akaendelea kutembea.

Tukafika kanisani saa kumi na moja jioni, ukungu umeanza kushuka. Na hapa nisiwe muongo, pale pazuri. Mnara umebaki nusu, nusu nyingine iliporomoka 1959, sasa umesimama kama jino bovu. Ila kilichonikamata mimi ni ukuta wa pembeni. Ukisogea karibu unaona matao ya mawe yamezibwa kwa mawe mengine, rangi tofauti, hayajapangwa vizuri. Kumbe watu walivyoongezeka wakatanua kanisa huku na huku, walivyopungua wakavunja zile mbavu na kuziba matao, yaani ni kama suruali iliyopelekwa kwa fundi kupunguzwa kiuno, mshono unauona kabisa. Idadi ya watu wa kijiji imeandikwa kwenye ukuta bila herufi hata moja. Na kijiji kilivyokwisha kanisa halikufa, kwa sababu watu wa Thixendale, kijiji cha jirani, walikuwa hawana la kwao wakawa wanakuja hapa kwa miguu, mpaka 1870 walipopata lao, ndo hili likaanza kubaki yatima.

Shemeji akaweka kiganja kwenye lile tao akanyamaza. Ningeishia hapo ingekuwa safari nzuri sana.

Ila mimi nikaona jamaa hajashtuka vya kutosha. Nikashusha sauti. Nikamwambia shem, hapa wataalamu walichimba kila kiangazi toka 1950 mpaka 1990, kanisani tu walitoa mifupa ya watu karibu 700. Lakini iko mingine haikuwa makaburini, ilikuwa kwenye mashimo huko katikati ya nyumba, vipande 137, watu wasiopungua 10, imekatwa visu, imevunjwa, imechomwa moto. Akauliza, waliliwa? Nikamwambia hilo nalo waliliwaza, ila mtu anayetaka nyama anakata kwenye maungio ya misuli mikubwa, hawa alama nyingi ziko kichwani na shingoni. Wageni? Wapi, meno yalipimwa yakaonesha wamekulia hukuhuku. Mwaka 2017 watafiti wakasema maelezo yanayokaa vizuri zaidi ni kwamba wanakijiji walikuwa wanaogopa wafu wasiinuke.

"Misukule," shemeji akasema.

"Siyo msukule. Msukule si anafichwa analimishwa shamba? Wa Yorkshire hana kazi. Anatoka kaburini usiku anazurura, anapiga watu, anawaachia maradhi. Ndo maana wakawa wanawafukua wanawakatakata na kuwachoma."

Nikanyamaza kidogo ili iingie. Kigiza kimeingia, ukungu umefika kiunoni. Na kwenye ule ukimya, nyuma ya ukuta, kitu kikapumua.

Siyo upepo, upepo naujua. Ilikuwa ni pumzi ya mtu mzima mwenye mapafu makubwa, hhhhfff, halafu kitu kikajikwaruza, krrr, krrr, taratibu, kama anayetafuta pa kutokea.

Ndugu zangu, sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu niko nje ya uwa wa kanisa natoka nduki, nyuma namwacha mgeni wangu, kaka wa mke wangu wa ndoa, na inasemekana nilipiga kelele "shika huyo!" sijui nilikuwa namwambia nani. Halafu nikasikia hatua nyuma yangu. Nyingi. Nzito. Nikasema ndo wale 10 wameshakusanyika. Nikageuka huku nakimbia, nikaona vichwa vyeupe na vyeusi vinatoka kwenye ukungu bila miili, nikaongeza gia ambayo sikujua ninayo, na gia hiyo ikaniingiza moja kwa moja kwenye tope la ukingo wa bwawa.

Nilizama mpaka magotini, nikachomoa mguu wa kushoto. Wa kulia ukatoka mtupu.

Walikuwa mitamba. Mitamba kama kumi hivi, ng'ombe wa watu wanaolishwa lile bonde, mmoja alikuwa anajikuna mgongo kwenye uzio. Wamenizunguka nusu duara wananiangalia kwa huruma. Shemeji akaja anatembea, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika simu iko wima, akawatolea sauti fulani ya kooni ambayo siwezi kuiandika, wote wakarudi nyuma kama watoto wa chekechea.

"Shemeji," akasema kwa upole uleule, "ng'ombe mdogo ukimkimbia anajua unampeleka kwenye chakula."

Kiatu tulikitafuta kwa fimbo robo saa, hatukukiona. Siku wakija kuchimba tena watatoa raba ya kulia saizi 43, watafanya mkutano. Nikapanda kile kilima mguu mmoja nimeuvalisha mfuko wa nailoni uliokuwa na maandazi, unapiga chwa, chwa, chwa, na katikati ya njia tukakutana na mzee mmoja wa Kiingereza na mbwa wake. Akaniangalia usoni, akaangalia tope, akaangalia mfuko. Akasema jioni nzuri sana leo. Akapita. Hawa watu ukiwa unaungua watakusifia joto.

Njiani kwenye gari shemeji hakusema kitu, nikajua ameamua kunistiri. Kumbe alikuwa anatafuta mtandao. Tunafika Leeds video iko kwenye grupu la familia, sekunde 48, wife kanifungulia mlango anajishika mbavu, na kuna vois nouti ya mama mkwe kutoka Singida, sauti ya huzuni kabisa: "Mkwe wangu pole baba, mwambie huyo mwenye ng'ombe akulipe kiatu. Na huyo kaka yake mkeo, mbona hukumsubiri?"