Utajiri wa FF FF FF FF

Mpwa wangu alikuja na shida ndogo tu. Kwenye gemu lake alikuwa na sarafu 1000, na upanga anaoutaka unauzwa 5000. Njia ya halali ipo: apigane na mazimwi mpaka zitimie. Akaona itamchelewesha, akanijia mimi, kwa sababu ukoo mzima unajua nafanya kazi na kompyuta, na ukoo wetu hautofautishi kati ya mtu anayetengeneza printa na mtu anayeweza kuchapisha pesa.

"Mjomba, unaweza kuniongezea?"

"Hilo ni la kufumba na kufumbua," nikasema, nikapokea flashi yake.

Nilitaka kwanza aone kwa macho yake kwamba faili la gemu lililosevuliwa, lililokuwa kwenye flashi hiyo, si maandishi bali ni baiti tupu, yaani vipande vidogo vya data, kila kimoja namba. Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikatumia amri ya cat kulimwaga faili lote kwenye skrini. Sasa, terminali haijui kwamba wewe unatazama tu. Yenyewe inatii. Baiti 07 ni kengele, na mle zilikuwamo za kutosha: kompyuta ikaanza kulia ti-ti-ti-ti kama lori linalorudi nyuma. Ikapita 0E, ambayo kwenye baadhi ya terminali huhamisha herufi kwenda kwenye alama za kuchorea mistari, na tangu hapo kila nilichoandika kikatoka vipembe na vijiti.

"Mjomba, umeiua."

"Tulia, bwana mdogo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza."

Nikaandika reset, amri ya kuirudisha terminali katika hali yake, bila kuona ninachoandika, nikabonyeza Enter. Skrini ikarudi safi. Heshima yangu ikapanda ghafla, na laiti ningejua, ningemrudishia flashi yake palepale.

Nikafungua faili kwa hexedit. Hiki ni kihariri cha heksa cha mlemle kwenye terminali: kushoto kuna anwani, katikati baiti zenyewe katika heksadesimali (kuhesabu kwa kumi na sita, 0 hadi 9 kisha A hadi F), kulia herufi zake, na baiti isiyo na herufi inawekewa nukta. Dogo akaona jina la shujaa wake limejitokeza upande wa kulia katikati ya msitu wa nukta, akapiga kelele za furaha. Nikamweleza kwa sauti ya mhadhiri kwamba 1000 katika heksa ni 03 E8. Nikatafuta 03 E8, nikazipata, nikaandika FF FF juu yake, nikasevu.

Shujaa akaibuka katikati ya bahari. Hajui kuogelea.

Ile 03 E8, kumbe, ilikuwa ya mambo mengine kabisa. Prosesa nyingi tunazotumia huhifadhi namba kwa kutanguliza baiti ya mwisho, kwa hiyo 1000 katika baiti nne hukaa hivi: E8 03 00 00. Nani aliamua namba ziandikwe kinyumenyume, mimi sikuulizwa. Nikairudisha 03 E8 mahali pake, shujaa akakauka, nikatafuta upya. Safari hii nikazipata E8 03 00 00, zimekaa kwa adabu.

"Niweke ngapi?"

"Weka nyingi kuliko zote."

Kubwa kuliko zote ni FF FF FF FF, hata mtoto mchanga anajua. Nikaandika. Dogo akapeleka faili kwenye laptopu yake, akafungua gemu, akanyamaza.

"Mjomba, nadaiwa."

Sarafu: hasi 1. Waliotengeneza gemu walitumia namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi, ambamo biti (sifuri au moja zinazounda baiti) ya juu kabisa ikiwashwa, namba inakuwa hasi. Na baiti nne zilizojaa FF ndiyo hasi 1 yenyewe. Kwa nini duka la panga liruhusu mteja kuwa na deni, hilo waulizwe wao.

Dawa ninayo. Kubwa kuliko zote kwa namba zenye alama ni 7F FF FF FF. Nikaiandika kwa mbwembwe, flashi ikaenda.

"Sasa nadaiwa 129."

Nilikuwa nimetanguliza 7F, na zinasomwa kinyumenyume, nimeshasema. Dogo akaanza kuuliza kama deni hilo litamfuata mpaka kwenye gemu jingine. Nikaandika FF FF FF 7F, nikamkabidhi flashi bila kumtazama usoni.

Kelele aliyopiga ilimtoa dada yangu jikoni. Sarafu 2147483647! Upanga gani tena, huyu sasa anaweza kununua duka na muuzaji wake. Nikaegemea kiti. Dada akatikisa kichwa, akarudi alikotoka. Dogo, kwa furaha, akamtembeza shujaa kijijini kutoa salamu, na pale mlangoni pa duka kulikuwa na sarafu moja imedondoka chini.

"Usiiokote!" nilipiga kelele, lakini shujaa wa gemu haokoti kwa hiari, akipita tu, imeingia.

2147483647 ndiyo mwisho. Ukiongeza moja, biti ya juu inawaka, na namba inageuka kuwa hasi 2147483648. Muuzaji akafuta bidhaa zote kwenye orodha. Deni la bilioni mbili na ushee, kwa sababu ya sarafu moja.

Nilisubiri kilio, wala hakulia. Akafungua folda nyingine kwenye laptopu yake, akatoa nakala ya faili lile lile, yenye sarafu zake 1000.

"Mama aliniambia, kitu chochote nikikuletea wewe, nibaki na nakala."

Nikamwambia asubiri kwanza, kwamba tumehangaika na pesa bure. Upanga wenyewe lazima uwe baiti moja tu mle ndani: tunaitafuta, tunageuza 00 kuwa 01, na unakuwa wako bila kununua.

Akachomoa flashi.