Ukitaka jiji kwa bei nafuu, panda wanachopanda wenyeji

Ukiwa mgeni katika jiji kubwa, kabla ya kufungua pochi jiulize: hiki kitu kimewekwa kwa ajili ya nani? Kama kimewekwa kwa ajili yako wewe mgeni, bei yake imepangwa kwa mtu ambaye kesho hatarudi, na muuzaji analijua hilo. Kama kimewekwa kwa ajili ya mwenyeji anayewahi kazini, anayefuatilia kesi ya ndugu yake au anayetafuta mahali pa kupumzisha miguu, bei ni ya mwenyeji, na mara nyingi ni bure kabisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wafanyabiashara wa utalii wameushika msemo huo kwa mikono miwili.

Huo ndio msimamo wangu, na wanaoniita bahili wamekosea kidogo. Naona pia kwamba vitu vya wageni vinafanana mno. Gurudumu kubwa la kukuzungusha angani liko London, liko Singapore, liko Las Vegas, na ukishafika juu unapiga picha ile ile. Basi la wazi juu na visikizi masikioni nalo liko kila jiji. Anayetaka kuona kisichofanana na kingine itabidi aingie pale ambapo hakuna aliyemtarajia.

Anza na usafiri. New York wana kivuko kinachotoka kusini mwa Manhattan kwenda Staten Island, meli kubwa za rangi ya chungwa zinazokwenda na kurudi usiku na mchana. Nauli ilifutwa mwaka 1997. Safari inachukua kama dakika 25, na ukisimama upande wa kulia wakati wa kwenda, Sanamu ya Uhuru inapita mbele ya macho yako. Karibu na gati utakutana na watu wanaouza tiketi za boti nyingine, baadhi yao wakiongea kana kwamba bila tiketi yao huendi popote. Wapite. Ndani ya kivuko huna haja ya kuuliza nani mgeni: wageni wamebanana upande mmoja wameinua simu. Wenyeji wamekaa ndani, viatu vya kazini vimelegezwa kamba, mmoja anasinzia kichwa kikigonga dirisha, na sanamu inayojulikana dunia nzima wameipa mgongo. Mimi huwatazama hao kuliko ninavyoitazama sanamu. Ng'ambo kila mtu hushuka, kisha anayerudi anapanda upya.

Istanbul nayo ina vivuko vyake. Kile cha kutoka Eminönü hadi Kadıköy kinakutoa Ulaya na kukufikisha Asia kwa kadi ile ile ya nauli inayotumika kwenye mabasi na tramu, huku shakwe wakikufuata nyuma. Berlin, basi la kawaida la ghorofa namba 100 kati ya Zoologischer Garten na Alexanderplatz linapita karibu na bunge na Lango la Brandenburg, njia ambayo mabasi ya watalii huilipisha mara nyingi zaidi. Kaa juu, mbele kabisa. Ukikuta viti hivyo vimeshawahiwa na watoto, subiri linalofuata.

Ninachokipenda kuliko vyote katika kundi hili ni ngazi za umeme za Hong Kong. Mwaka 1993 walizindua mlolongo wa ngazi hizo, zenye paa juu, kutoka wilaya ya Central hadi mtaa wa Mid-Levels ulioko mlimani. Ukijumlisha vipande vyote unapata zaidi ya mita 800, na hakuna kiingilio. Zilijengwa kwa ajili ya wakazi wa mlimani wanaofanya kazi bondeni, kwa hiyo zinafuata ratiba yao: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 zinashuka, baada ya hapo zinapanda mpaka usiku wa manane. Mgeni akiamka mapema kwa hamu ya kupanda mlima, anakuta jiji zima linateremka na yeye peke yake anatakiwa kutumia miguu. Mtembezi hula miguu yake, walisema. Lakini ukipanda jioni unapita usawa wa madirisha ya ghorofa za kwanza, unaona nguo zilizoanikwa, mtu anakunja magazeti, mtoto anafanya hesabu za shule chini ya taa. Hakuna mnara wa kulipia utakaokuonyesha hayo.

Kuhusu minara, nitasema kwa kifupi. Tokyo wana Skytree, mita 634, uliofunguliwa mwaka 2012, na kuupanda ni kwa tiketi. Wana pia makao makuu ya serikali ya jiji, mtaa wa Shinjuku, ambako lifti inakupandisha hadi ghorofa ya 45, mita 202 juu, bila kulipa chochote. Tofauti ya urefu ni kubwa kwenye karatasi. Dirishani, kwa macho ya kawaida, jiji ni jiji na halina mwisho.

Sasa nije kwenye ushauri ambao watu hunikunjia uso: nenda mahakamani. Nchi nyingi huendesha kesi hadharani, maana haki inayotolewa gizani haiaminiki, na hadhara hiyo inakuhusu hata wewe mwenye begi la safari. London, mahakama ya jinai inayojulikana kama Old Bailey ina viti vya umma visivyolipiwa. Simu haziruhusiwi, mabegi hayaruhusiwi, na watoto walio chini ya miaka 14 hawaingii. Hayo pekee yanatosha kupunguza foleni ya watalii, kwa sababu mtalii kuiacha simu yake ni kama kumwacha mtoto.

Usitegemee mambo ya kwenye filamu. Utakuta wakili aliyevaa wigi akimuuliza shahidi alifunga mlango saa ngapi. Anauliza tena kwa maneno mengine. Anapekua faili, anaomba ukurasa fulani ufunguliwe, wote wanapekua. Jaji anaandika. Nusu saa nzima inaweza kupita kwenye mlango huo mmoja, halafu ghafla unaelewa kwa nini saa ya kufunga mlango ndiyo kesi yenyewe, na chumba kizima kinakaa wima. Hapo ndipo unapoona jinsi nchi ya watu inavyofikiri, jambo ambalo jumba la makumbusho litakuonyesha kwa shida. Sharti ni moja: aliyekaa pembeni yako kwenye viti hivyo anaweza kuwa mama wa mshtakiwa, au wa marehemu. Nyamaza, usicheke, usimkodolee mtu macho. Kama huwezi kukaa kwa heshima hiyo, rudi kwenye gurudumu.

Hapo hapo London, mwendo mfupi kutoka kanisa la St Paul's, kuna bustani ndogo iitwayo Postman's Park. Wafanyakazi wa ofisi huketi humo mchana. Chini ya kibanda cha mbao ukutani kuna vigae vyenye maandishi, kumbukumbu iliyozinduliwa mwaka 1900 kwa wazo la mchoraji George Frederic Watts, ambaye alitaka watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine nao wakumbukwe. Kila kigae kinataja mtu mmoja au zaidi, na sentensi chache tu. Yupo msanii wa jukwaani aliyekufa mwaka 1863 akiwa amevaa gauni linaloshika moto haraka, akijaribu kuzima moto uliomzingira mwenzake. Unasoma kimoja, unasogea, unasoma cha pili. Nimeona watu wameingia hapo kukwepa mvua wakaishia kusoma ukuta mzima.

Makaburi makubwa yana kazi hiyo hiyo. Père Lachaise la Paris, lililofunguliwa mwaka 1804, halina kiingilio na ni kubwa kuliko vitongoji vingi. Kaburi la mwandishi Oscar Wilde liliwekewa ukuta wa kioo mwaka 2011 kwa sababu ya mabusu ya rangi ya midomo yaliyokuwa yakiharibu jiwe. Mimi ningekushauri uyaache makaburi ya majina makubwa na utembee pembeni, penye paka na majani. Ukikuta mazishi yanaendelea, geuza njia.

Makanisa ya Roma hayahitaji maelezo mengi: San Luigi dei Francesi lina michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na mlango uko wazi bila tiketi. Katika makanisa mengi ya huko utaona kisanduku cha sarafu cha kuwashia taa. Wageni husimama gizani wakisubiriana nani atatoa sarafu, taa ikiwaka wote wanasogea, ikizimika wote wanatazama chini. Kuwa wewe mtoaji, angalau mara moja.

Kuna jambo linaloniudhi nalo ni orodha za "vivutio vilivyofichika." Kitu kikishaingia kwenye orodha inayosomwa na dunia nzima kimekoma kufichika, na anayeumia ni mkazi. Paris wana mtaa mdogo uitwao Rue Crémieux, nyumba zimepakwa rangi laini za kupendeza. Watu walifurika kupiga picha milangoni kiasi kwamba mwaka 2019 wakazi waliiomba halmashauri ya jiji iweke geti la kufungwa jioni na mwishoni mwa wiki. Mlango wa mtu haugeuki kivutio kwa sababu una rangi nzuri. Na mbaya zaidi ni ziara za kutembezwa mitaa ya maskini kuangalia watu wanavyoishi, zinazouzwa kwa jina la "jiji halisi." Kivuko, mahakama na bustani ni vya umma, umma umekubali kuonekana humo. Uani kwa mtu hajakubali mtu.

Utavipataje vya kwako, visivyo kwenye orodha? Soma matangazo yasiyokulenga. Ubao wa matangazo kwenye maktaba ya umma, tovuti ya halmashauri, ratiba za vyuo vya muziki ambako wanafunzi hupiga muziki bila kiingilio kwa sababu wanahitaji wasikilizaji kuliko pesa. Angalia pia siku. Bogotá, Kolombia, tangu mwaka 1974 hufunga barabara kubwa kwa magari kila Jumapili na sikukuu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 zinabaki kwa baiskeli na watembea kwa miguu. Anayefika Jumatatu na kuondoka Jumamosi hajui alichokosa. Berlin nao wana uwanja wa ndege wa Tempelhof uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kama bustani mwaka 2010. Unaendesha baiskeli katikati ya njia ya kurukia ndege, upepo unakusukuma, na wenyeji wanarusha tiara.

Hakikisha taarifa kabla ya kutoka, maana bure ya mwaka juzi inaweza kuwa na bei leo. Pantheon, hekalu la kale la Roma, lilikuwa bure, tangu Julai 2023 watalii wanalipa. Na zile kadi za watalii za siku mbili tatu zenye vivutio kadhaa kwa bei moja, mimi sinunui. Ukishainunua unaanza kukimbia kutoka mlango hadi mlango ili pesa yako irudi, na jioni hukumbuki ni makumbusho gani ilikuwa na kitu gani.

La mwisho ni la choo, kwa kuwa hakuna anayeliandika. Katika majiji makubwa choo ni adimu, na wengi huishia kununua kitu wasichokitaka ili waruhusiwe kuingia. Nenda maktaba kuu ya umma. Ile ya New York, Fifth Avenue, iko wazi kwa kila mtu tangu mwaka 1911, ina viti, ina ukimya, na ghorofa ya tatu kuna ukumbi mkubwa wa kusomea. Tazama tu muda wa kufungwa.